Wokovu Ukifika Kwa Mtungi wa Maziwa

Leo sina video. Nina maandishi tu, na ni marefu, kwa hiyo kama uko stage hapa Sotik unangoja gari la Kericho lijae, kaa vizuri. Ukimaliza kusoma pengine mtakuwa mmefika Litein.

Nataka kuongea juu ya uamsho. Najua hilo neno limechoka. Kila likizo unaona bango jipya: mhubiri amevaa suti ya rangi ya embe, moto unawaka nyuma ya kichwa chake, chini wameandika siku tatu za uamsho, wote mnakaribishwa. Spika zinapangwa juu ya nyingine kama ghorofa. Watu wanalia, wanaanguka, wanainuliwa. Halafu Jumatatu asubuhi tunarudi kwenye kituo cha kuuza chai, na kilo zinapotea pale pale zilipokuwa zikipotea. Na mkulima aliyelia Jumapili naye amemwagia majani maji kidogo ndiyo gunia liwe zito. Mizani inadanganya huku, gunia linadanganya kule, na wote wawili, karani na mkulima, wana sauti imekauka kwa kuimba.

Sisemi hawa ni wanafiki. Hilo ndilo neno rahisi na nimelichoka pia. Nafikiri shida ni kubwa kuliko unafiki. Nafikiri hatujawahi kuambiwa kwamba hayo mambo mawili yanajuana. Tumelelewa tukijua dunia ina vyumba viwili. Cha kwanza ni cha Mungu: kanisa, Biblia, kwaya, kesha, bahasha ya sadaka. Cha pili ni chetu: ng'ombe, chai, deni la duka, boda, simu, siasa. Mungu anakaribishwa kwa kile cha pili kama ng'ombe ameugua au mtoto anafanya mtihani. Akimaliza kazi anasindikizwa mpaka kwa geti.

Sasa, kogo wangu hakuzaliwa kwa nyumba ya vyumba viwili namna hiyo. Yeye anakumbuka mabwaita kwa baba yake. Kama wewe si Mkipsigis, mabwaita ilikuwa madhabahu ya boma, miti na matawi yaliyosimamishwa nje ya nyumba, na mambo makubwa ya familia yalipita hapo. Asubuhi mzee alitoka, akaangalia upande wa jua linakochomoza, akatema mate ya baraka, akamwomba Asis. Asis ni jina la Mungu, na jua lenyewe tunaliita asista, kwa hiyo unaona venye hayo majina yanakaa karibu. Mzee aliomba juu ya ng'ombe, watoto, mvua, wimbi. Hakuwa anaenda mahali kuomba. Alikuwa nyumbani tu, amejifunga blanketi, ng'ombe wakimtazama.

Halafu wamishonari wakaja, na mabwaita ikang'olewa. Hapa sitaki mnielewe vibaya, kuna watu wakisoma hivi watasema nataka turudi kwa miti. Sitaki. Mimi ni Mkristo na sina haya nayo. Lakini nikimsikiliza kogo naona kitu kimoja: tuliing'oa madhabahu iliyokuwa kwa uwanja wa nyumba, na ile mpya tukaijengea mbali, kwa nyumba ya mabati inayofunguliwa Jumapili na kufungwa kwa kufuli. Katikati ya hapo, uwanja ukabaki uwanja tu.

Kinachonishangaza ni kwamba hao wamishonari wenyewe hawakuja na injili ya Jumapili peke yake. Yule Mquaker Willis Hotchkiss, mmoja wa watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902, alikuja baadaye upande huu wa Lumbwa akaanzisha misheni aliyoiita ya viwanda. Yaani jina lenyewe lilikuwa na kazi ndani yake. Miaka ya 1930 World Gospel Mission wakaingia, wakakaa Tenwek, na kutoka hapo likakua Africa Gospel Church, ambalo nusu ya watu ninaowajua hapa Bomet walibatizwa ndani yake. Hawa walikuwa watu wa utakatifu, ile njia ya John Wesley, wanaofundisha kwamba mtu anaweza kutakaswa kabisa kabisa. Neno utakatifu liko kwa damu ya hii sehemu kama majani chai. Nenda hata Tenwek hospitali uone: kauli mbiu yao ni kwamba wao wanatibu, Yesu ndiye anaponya. Na umeme wao, tangu miaka ya 1980, wamekuwa wakiutoa kwa maporomoko ya mto Nyangores hapo karibu. Mimi nikifikiria daktari anashona mtu usiku, taa imewashwa na maporomoko ya mto wetu, na anaamini mkono wa Mungu uko pale kwa uzi, naona hapo vyumba viwili vimekuwa kimoja.

Lakini kwetu nyumbani utakatifu ulifika kama orodha. Usinywe, usivute, usicheze disko, usivae hiki. Orodha si mbaya, imeokoa familia nyingi kutoka kwa busaa na chang'aa, mimi nimeona. Ila hakuna mahali kwenye hiyo orodha paliandikwa: usitie maji kwa maziwa.

Hapo ndipo naingia kwa mama yangu. Ameniruhusu niandike, kwa sharti mbili. Nisimtie kwa video, na nisitaje jina la hoteli.

Mama ni mshirika wa kanisa tangu kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nikisema alifanywa upya, sisemi alitoka kwa pombe au kwa uchawi, zile shuhuda zinazoshangiliwa. Alikuwa kwa kamati ya akina mama, anapika wageni wa mkutano, anajua vitabu vyote sitini na sita kwa mpangilio. Miaka mitatu iliyopita wakaanza kukutana na majirani, wamama saba au wanane, Jumatano jioni baada ya kuchuna chai. Hakuna mhubiri. Hakuna spika. Wanasoma waraka wa kwanza wa Yohana polepole sana, pale penye mambo ya kutembea nuruni, kila mtu anasema hayo maneno yamemgusa wapi. Walikaa kwa sura ya kwanza wiki nyingi mpaka baba akauliza kama hiyo Biblia yao ina ukurasa mmoja.

Jioni moja akarudi kimya. Akaenda kukamua. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi, nimeshika tochi. Kwa kawaida akimaliza kuchuja maziwa anachukua jagi lile la plastiki la bluu, anateka maji kwa mtungi, anamimina. Nimeona hiyo kitu tangu nikiwa chuoni mwaka wa kwanza. Kwangu ilikuwa kama kuweka chumvi kwa mboga. Siku hiyo alishika jagi, akaliangalia, akaliweka chini. Akasema, "Haya maji yananiongelesha."

Wacha niwape hesabu, kwa sababu hii si mambo ya hisia. Wakati wa kiangazi ng'ombe wetu wawili walikuwa wakitoa lita kumi na moja kwa siku. Mbili za nyumbani, tisa za kuuza kwa hoteli moja mjini. Zile tisa zikifika mjini zilikuwa kumi na moja. Kana ya Galilaya maji yaligeuka divai; kwetu maji yaligeuka maziwa. Shilingi sitini kwa lita, lita mbili za muujiza, ni mia na ishirini kwa siku. Kwa mwezi ni 3,600. Hiyo ndiyo ilikuwa inatumwa kwa simu yangu kila mwisho wa mwezi, naambiwa, hii ni ya chakula, usilale njaa.

Mama alichukua kalamu na ukurasa wa daftari akaandika. Hakuhesabu miaka yote, hakuweza kukumbuka. Alihesabu miezi mitatu ya kiangazi ambayo alikuwa na uhakika nayo, siku tisini. Ikatoka 10,800. Wiki iliyofuata bonasi ya chai ikaingia. Na ninyi mnajua bonasi yetu huku magharibi mwa Bonde la Ufa, huwa tunatazama ya wenzetu wa upande wa Mlima Kenya kwa simu kisha tunazima simu. Ile bonasi ilikuwa na jina langu, ilikuwa karo. Akatoa elfu kumi na mia nane, akajifunga leso, akapanda boda, akaenda hotelini.

Mwenye hoteli alicheka kwanza. Alifikiri ni mzaha. Mama akamwonyesha ile karatasi. Akaacha kucheka, akahesabu pesa, akashukuru, akaweka kwa droo. Wiki hiyo hiyo akatafuta mtu mwingine wa kumletea maziwa. Na akasimulia. Yaani Sotik ni mji mdogo. Kufika Ijumaa, hata watu ambao hatujawahi kuwauzia chochote walikuwa wanajua kwamba chai yao nyepesi ilitoka kwetu.

Baba hakupiga kelele. Yeye akikasirika hunyamaza halafu anasema sentensi moja. Alisema, "Ni wokovu gani huu unakula karo ya mtoto?"

Mama akajibu, "Mzee, mtoto alikuwa anakula maji ya watu."

Mmoja wa wale wamama wa Jumatano alikuwa amemkumbusha habari za Zakayo, kwamba yeye alirudisha mara nne. Baba aliposikia hiyo akasema ukilipa mara nne si tutahamia tu kwa huyo mwenye hoteli tumfanyie kazi. Hapo mama alicheka mpaka akakaa chini. Nafikiri ile siku ndiyo ndoa yao ilivuka.

Mimi niliahirisha semista. Miezi mitano tulikaa na maziwa bila mnunuzi wa maana, tukigawa, tukitengeneza mursik, tukiuza kwa bei ya kutupa. Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko. Nilikuwa naona wenzangu wakipiga picha za mahafali ya watu wengine, mimi niko kwa shamba nimejifunga karatasi ya plastiki kiunoni, nachuna majani mawili na chipukizi kwa umande wa saa moja asubuhi. Ni wakati huo ndio nilianza kurekodi vitu kwa simu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Wengi wenu mlinijua kutoka hapo na hamkujua kwa nini nilikuwa nyumbani.

Baadaye, kwa kutaka kujua kama mama amepatwa na kitu kipya au cha zamani, nikaanza kusoma. Kumbe ni cha zamani. Mwaka 1929, kwa kilima cha Namirembe kule Kampala, Mganda mmoja anaitwa Simeon Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoka na dini yao. Wakakaa na Biblia, wakaomba. Kutoka hapo, na kutoka Gahini miaka ya 1930, kukatoka kile tunachoita Uamsho wa Afrika Mashariki. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini, na alikufa Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini moto ulikuwa umeshika. Mwaka 1937 timu yao ikafika Kabete hapa Kenya. Waganda waliwaita Balokole, waliookoka. Wazee wa Kianglikana mpaka leo ukiwaanzia Tukutendereza wanasimama hata kama magoti yanauma.

Unajua ni nini kiliwashangaza watu wa nje? Si machozi. Ni kwamba watu walianza kurudisha vitu. Mtu aliiba kitu kazini, anakirudisha. Ana deni la zamani limesahauliwa, analipa. Mwafrika na Mzungu waliokuwa wakifanya kazi pamoja na kuchukiana kimya kimya wanaketi na kuombana msamaha, wakati wa ukoloni, wakati ambapo Mzungu kumwambia Mwafrika samahani kulikuwa kama jua kuchomoza magharibi. Wenyewe waliita hiyo kutembea nuruni. Maneno yale yale ya wamama wetu wa Jumatano, na sidhani hata mmoja wao amewahi kusikia juu ya Gahini.

Na haikuishia kwa sukari na deni la duka. Miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, watu wa uamsho kule Kikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Waliuawa kwa ajili hiyo. Askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa chini ya Idi Amin Februari 1977, alikuwa mtoto wa uamsho huo huo. Mimi naamini mtu hafiki hapo kwa kuruka. Mtu anaanza na kitu kama jagi la bluu.

Nisiwafanye malaika, ingawa. Kuna mahali nuru iligeuka kuwa tochi ya kumulika macho ya mwenzako. Kuna watu waliulizana dhambi mpaka wakabuni zisizokuwepo ili wasionekane wagumu. Hata kwa kikundi cha mama, kuna Jumatano moja ilikuwa kali sana juu ya nywele za binti ya mtu, na mama alirudi amenuna. Kitu chochote kitakatifu kikishikwa na binadamu kinaanza kupata orodha.

Sasa nikuonyeshe mahali ambapo mimi mwenyewe niligeuka kidogo, na ni kwa kitabu ambacho hakuna mtu anakihubiri: Zekaria, sura ya kumi na nne, mistari miwili ya mwisho. Kwa sheria ya Musa, kuhani mkuu alivaa kwenye kilemba chake bamba la dhahabu lililochorwa kwamba yeye ni mtakatifu kwa Bwana. Ni kwa Kutoka sura ya 28, tafuta. Mtu mmoja, kwa taifa zima, kwenye paji la uso. Zekaria anakuja anasema siku inakuja ambapo maneno yale yale yataandikwa kwa kengele za farasi. Farasi! Si hiyo ilikuwa boda ya wakati huo? Na anaendelea: vyungu vya kupikia nyumbani kwa Bwana vitakuwa kama mabakuli ya madhabahuni, na si hivyo tu, kila chungu Yerusalemu na Yuda kitakuwa kitakatifu. Kila chungu. Cha mama wa kawaida, kimeungua chini, kimepasuka mkono.

Nabii hakusema siku hiyo watu wote watahamia hekaluni. Alisema hekalu litahamia jikoni.

Nilisoma hiyo nikamwangalia mama akiosha sotet. Mnajua ile kazi. Unaosha kibuyu kwa maji, unasugua ndani kwa sosiot, ule ufagio wa mti. Unachoma kijiti cha senetwet mpaka kiwe kaa jekundu, unakisagia ndani ya kibuyu mpaka kuta zote ziwe nyeusi na harufu itoke ile ambayo Mkipsigis akiisikia hata akiwa Qatar analia. Maziwa yamechemshwa, yamepoa. Unamimina, unafunga, unaweka, unangoja siku kadhaa. Hakuna njia ya mkato. Kogo husema maziwa yenye maji hayafanyi mursik, yanafanya aibu. Zile wanazonyweshwa wanariadha kwa uwanja wa ndege zikipigwa picha, nyuma yake kuna mama aliinama hivi.

Zamani mama alifanya kazi hiyo akilalamika, redio ikipiga kelele. Siku hizi anaifanya polepole. Nilimuuliza, mama, unaomba? Akasema, "Hapana, naosha sotet." Akafikiri. "Lakini sioshi peke yangu." Basi. Sijapata ufafanuzi zaidi na sijauliza. Nilijaribu kutoa simu akanitazama na nikairudisha mfukoni. Sisi watengenezaji wa kontenti tuna ugonjwa wetu: kitu kikiwa kizuri tunafikiri hakijatokea mpaka kirekodiwe. Kumpa maskini unga mbele ya kamera, kuomba mbele ya kamera, kulia mbele ya kamera. Sijui kama maombi hayo yanafika. Najua yanapata laiki.

Karne ya kumi na saba huko Paris kulikuwa na mtawa wa Kikarmeli wanamwita Ndugu Lawrence. Hakuwa padri, hakuwa msomi. Kazi yake ilikuwa jikoni, baadaye akawa anatengeneza viatu vya wenzake. Alikufa 1691, na watu wakakusanya barua na mazungumzo yake kwa sababu huyu mpishi alikuwa amejifunza kukaa mbele za Mungu kati ya sufuria na kelele sawa na vile wenzake walikaa mbele za sakramenti. Wamama wetu na yeye wangeelewana bila mkalimani. Na Yesu mwenyewe, hesabu: alianza kuhubiri akiwa na miaka kama thelathini. Kabla ya hapo alikuwa seremala Nazareti. Miaka mingi ya mbao, michache ya mahubiri. Hakuna krusedi ingekubali ratiba kama hiyo.

Lakini kuna upande wa haya maneno ambao si mtamu, na nisipouandika nitakuwa nimewauzia maziwa yenye maji. Mkisema kila kitu ni kitakatifu, inamaanisha kuna vitu vinanajisiwa kila siku na sisi tunapita. Februari 2023 BBC walionyesha uchunguzi wao juu ya mashamba makubwa ya chai hapa kwetu, yaliyoendeshwa na kampuni za Uingereza. Zaidi ya wanawake sabini waliwaambia kwamba wasimamizi waliwataka ngono wakiwa kazini huko, wengine ili wapate kazi tu. Sabini. Wanawake wenye watoto, wenye karo ya kulipa, kama mama. Nchi ilishtuka wiki mbili. Mimi nilikuwa natega sikio Jumapili baada ya Jumapili nisikie mtu akilisema madhabahuni. Tulifundishwa juu ya fungu la kumi. Tukaombea mvua.

Kama chungu ni kitakatifu, mstari wa chai nao ni nini? Na mwanamke aliyeinama kwa huo mstari? Mtu akivunja dirisha la kanisa hapa tutaandamana mpaka polisi. Hii ya mashamba tuliiita mambo ya kampuni. Ni vyumba viwili tena. Cha Mungu kina dirisha, cha kampuni kina mwanamke, na tunajua tulichagua kulinda gani.

Niliwauliza wamama wa Jumatano juu ya hilo. Walinyamaza muda mrefu, chai ikapoa. Kisha mmoja, mkubwa kuliko wote, akasema kwamba yeye alichuna kwa shamba la kampuni miaka sita, na hajawahi kuongea kitu mahali popote, na leo pia haongei, lakini tusifikiri ni kwa sababu hakuna. Mama akashika mkono wake. Hawakuomba kwa sauti. Mimi nilitoka nje nikaenda kuangalia ng'ombe, kwa sababu hapo hapakuwa mahali pangu.

Tangu hapo wamefanya jambo moja tu, na si kubwa. Msichana yeyote wa kijiji akienda kuandikwa kazi, kwa shamba lolote, mmoja wao anamsindikiza, anakaa nje ya ofisi na mwavuli wake mpaka atoke. Hawabebi Biblia. Wanakaa tu, wamevaa sweta na gambuti, wanasalimia kila anayepita. Nimesikia wasimamizi wengine hawapendi. Sawa.

Kwetu mambo yanaendelea. Mwenye hoteli hajarudi na sidhani atarudi. Mwalimu mmoja anachukua lita tatu, muuza duka anachukua mbili, mama wa chapati anachukua mbili na hulipa akikumbuka. Bei haijapanda kwa sababu ya uaminifu, msidanganywe. Semista ile niliirudia mwaka uliofuata na bado nina salio.

Baba haendi Jumatano, anasema hiyo ni ya wamama. Ila siku hizi maziwa yakichujwa anasimama hapo, anachukua kipimo mwenyewe, anajaza lita ya mtu mpaka ukingoni, halafu anaongeza kidogo inamwagika kwa vidole vyake. Mama humwambia anaharibu. Anajibu kwamba hiyo ni ya ile ya zamani, na hajasema atalipa mpaka lini.